Mjomba Anayevuta Radi

Nyumbani, 14 Januari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi tuko salama, ukiacha paa la jiko ambalo linavuja pale pale, na paka ambaye amehamia kwa jirani bila kuaga. Mama bado yuko kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya asubuhi. Hurudi saa nane mchana akiwa na unga kwenye nyusi, na huulizia barua yako kwa njia yake, yaani haulizi, ila anainua kila kitu kilicho mezani na kutazama chini yake. Seremala wa pembeni naye anakusalimia na kuidai ngazi yake. Ngazi bado imelala nyuma ya jiko. Yeye haigusi kwa sababu iliguswa na radi, na mama haigusi kwa sababu hiyo hiyo, lakini kila wiki anatupitia kuidai.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, kwa sababu mwalimu wetu wa lugha anasema barua isiyo na jambo ni salamu ndefu tu.

Jumamosi ya mwisho ya Mei ni Siku ya Wazazi shuleni kwetu. Nimechaguliwa kusimama mbele ya wazazi wote nizungumze kuhusu radi: yale ambayo watu huamini, na yale ambayo fizikia inasema. Kila mzungumzaji amepewa viti viwili vya mbele kwa ajili ya watu wake. Kimoja ni cha mama. Kingine nimekuandikisha wewe, na mwalimu ameandika kwa wino, kwa hiyo hakifutiki.

Najua utasema Mei ni msimu wa mvua na wewe huingii nyumba ya mtu msimu wa mvua. Miaka tisa, Mjomba! Mtaa mzima unakuita mtu anayevuta radi, na wewe badala ya kukasirika umekubali kama mtu aliyepandishwa cheo. Nimechunguza mambo yote matatu wanayokusingizia. La kwanza: mti wa uwanja wa mpira ulipigwa dakika chache baada ya wewe kuondoka chini yake. Ule mti ulikuwa peke yake katika uwanja mzima, na radi hupenda kirefu kilicho peke yake. La pili: duka la tajiri wako wa kwanza liliungua na redio zote za wateja. Nguzo ya umeme ilikuwa mlangoni, nayo radi hupita kwenye waya. Bado la tatu, la radi iliyopiga hapa nyumbani na kumchukulia mama sikio la kushoto. Hilo nakosa maelezo yake. Nilikuwa na miaka sita, na ninachokumbuka ni harufu tu, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Naomba unieleze ilikuwaje hasa.

Mama hanisaidii hata kidogo. Wingu likionekana tu anafunika kioo kwa shuka, anaficha mkasi chini ya godoro, na kunivua sweta ya shule kwa sababu ni nyekundu, hata kama kengele imeshalia. Hakuna kusimama mlangoni, hakuna kuosha vyombo, hakuna kumwita mtu kwa jina. Kisha anahesabu watu wa nyumba. "Mmoja, wawili, watatu." Nikimwambia tuko wawili, ananiambia nyamaza, kuna ngurumo.

Nimemfundisha njia ya kisayansi. Ukiona mwanga, unaanza kuhesabu sekunde. Ukisikia ngurumo, unaacha. Gawanya kwa tatu, utajua radi iko kilomita ngapi. Jumapili tulijaribu. Mwanga ukapiga, tukaanza. Ngurumo ikaja kwenye tisa, nikaacha. Mama akaendelea: kumi, kumi na moja, kumi na mbili, mpaka ishirini na saba, mpaka nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mama, hufuati somo!" Akasema, "Wewe ndiye una haraka." Nilichoka kabisa.

Nakuomba vitu viwili tu: uje, na unijibu.

Ni mimi mpwa wako,
mwenye matumaini


Kibandani, 3 Februari

Bi Maswali,

Marahaba, mara mbili, maana moja haitoshi kwa barua ndefu namna ile. Mimi mzima. Kikohozi kimeniachia, mwenye nyumba bado. Kazi ipo. Kuna bwana kaniletea redio iliyozama kwenye mchuzi, na anaapa kuwa haikuzama popote, inanukia tu. Nikifungua nyuma nakuta kitunguu. Namwonyesha kitunguu. Ananiambia, "Fundi, usinitie maneno mdomoni." Hayo ndiyo maisha yangu.

Mwambie seremala nimesikia. Mwambie pia kwamba ngazi ambayo mwenyewe haigusi hajaikosa.

Mti wa uwanjani nakuachia. Duka la tajiri nakuachia pia. Umeshinda mawili. Lakini mimi siji, mpwa wangu. Mtu wa aina yangu hakai kiti cha mbele mahali penye watoto mia tatu, Mei, chini ya bati. Siku wingu likikusanyika hapa nafunga kibanda naenda kukaa peke yangu kwenye banda la zamani la mizigo, nisimletee mwenzangu balaa. Watu wamezoea. Hata mama wa chai akiniona natoka na mwavuli anaanua nguo zake. Kiti mpe paka, kama atakubali kurudi.

Kuhusu hilo la tatu hakuna cha kueleza. Radi ilipiga. Radi hupiga.

Lakini nikuulize na mimi. Siku mlipohesabu, ile ngurumo ilikuwa ya nguvu au ya mbali? Na mama yako alikuwa amekupa upande gani? Fanya hivi: simama nyuma yake, upande wa kulia, asikuone, useme kitu kwa sauti ya kawaida. Usipige kelele. Kisha niandikie.

Mjomba wako


Nyumbani, 12 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kidole chenye grisi kwenye kila pembe. Mama alijaribu kuisoma, akaigeuza juu chini, akanirudishia na kusema, "Nisomee wewe, macho yangu ni ya kufanyia kazi." Nilimsomea ya kitunguu, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa aproni. Sehemu ya mwisho sikumsomea.

Nilikuuliza jambo la radi, ukanijibu "radi hupiga." Mjomba! Ningeandika hivyo kwenye mtihani ningepewa sifuri na kuitiwa mzazi. Tena wewe ni fundi redio. Unashika nyaya kutwa, unajua umeme unakopita na usikopita. Inakuwaje fundi mzima aamini ana mkosi, akajifungie kwenye banda la mizigo? Kwanza banda lenyewe ni la mabati.

Juu ya hayo umenipa maswali yasiyohusiana kabisa na Siku ya Wazazi. Nimeyafanya tu kwa sababu tumefundishwa kujaribu kabla ya kubisha.

Ngurumo ilikuwa ya mbali. Mama alikuwa amenipa upande wa kulia.

Nilisimama nyuma yake alipokuwa anakunja nguo. Nikasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, nimevunja ile sahani ya maua." Hakugeuka. Nikasema tena. Alikunja shati, akaliweka juu ya mengine, akaanza kuimba.

Ile sahani ilikuwa ya bibi, Mjomba. Angenisikia, na wewe ungesikia huko uliko.

Kumbe kiwandani kila mtu hupiga kelele kwa sababu ya mashine ya kukandia unga, kwa hiyo hakuna aliyegundua. Nyumbani nilidhani ananipuuza. Nimemnunia kwa ajili hiyo mara nyingi, na sasa sijui nizirudishe vipi.

Tulienda kliniki Jumatano. Mama amenikataza kukuandikia alichosema daktari. Alinikataza tukiwa bado kwenye ngazi za kliniki, akarudia nyumbani, akarudia tena kabla ya kulala. Mimi ni mtoto mtiifu, kwa hiyo siandiki. Nitaandika tu kwamba swali lako lilikuwa zuri, na kwamba ukitaka kuzungumza na dada yako kwa mdomo, mwaka huu ni bora kuliko mwaka ujao.

Tafadhali jibu upesi.

Mpwa wako


Nyumbani, 20 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Hii ni wiki ya tano. Nimekwenda posta mara kumi na moja, na yule karani wa dirishani sasa anatikisa kichwa nikiwa bado ng'ambo ya barabara. Nilitaka kuanza barua hii bila salamu, lakini nimelelewa vizuri. Tuko wazima. Paa bado linavuja. Paka amerudi, ana tumbo.

Kwa kuwa wewe hunijibu, nimeamua kuuliza wengine. Nilianza na seremala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta ngazi?"

"Sijaleta."

"Basi unataka nini?"

Nikamwambia nafanya uchunguzi wa shule kuhusu siku radi ilipotupiga. Akaweka randa chini, akapuliza vumbi la mbao kwenye benchi, akaketi. Nikajua leo nitapata.

"Mjomba wako aliazima ngazi kwangu nusu saa," akasema. "Aliniambia, nusu saa tu, mzee, napandisha antena. Alikuwa na mlingoti wa chuma begani, mrefu huo, akipita mtu lazima ainame. Alitaka redio yenu isikike vizuri. Basi ilisikika! Ilisikika mpaka mawinguni!" Akacheka peke yake.

"Antena? Juu ya nyumba yetu?"

"Kwani ilikuwa juu ya nyumba yangu? Ukawa mwisho wa ngazi. Nilichonga mwenyewe ile, vipandio kumi na vinne."

"Si uje uichukue, mzee."

"Kitu kilichoguswa na radi hakiguswi, mtoto wee. Mimi nina wajukuu."

"Sasa mbona unaidai?"

"Kwani si yangu?"

Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Nikamuuliza mama, uso kwa uso na kwa sauti, kama kulikuwa na antena. Akasema unga umepanda bei. Mjomba, nakuuliza wewe sasa, na sitaki kitunguu wala mwenye nyumba: kulikuwa na nini juu ya paa letu siku ile?

Mpwa wako anayengoja


Kibandani, 2 Aprili

Bi Maswali,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilinizidi.

Seremala ni mtu mzima, anachanganya nyumba na nyumba. Usimsumbue.

Lile paa la jiko, mwambie mama yako asiweke lami juu ya kutu. Kutu ikwanguliwe kwanza. Anywe maziwa. Kiwandani avae kitambaa masikioni, zile mashine si nzuri. Na ukizungumza naye umtazame, utamke polepole, usimkaripie. Umesikia? Usimkaripie.

Kiti nimeshakwambia.

Mjomba wako


Nyumbani, 11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Jumamosi mama alikuwa kazini na mbingu ilikuwa nyeupe, bila hata wingu la kusingizia. Nilikwenda nyuma ya jiko nikaigusa ngazi ya seremala. Niliigusa kwa kidole kwanza. Kisha nikaibeba, nikaiegemeza ukutani, nikapanda vipandio vyote kumi na vinne. Hakuna lililonipata, isipokuwa kibanzi kidoleni.

Juu ya paa, ukingoni, kuna kibano cha chuma. Skrubu nne. Umezikaza vizuri sana, nimejaribu kuzifungua zimekataa. Kutoka kwenye kibano kuna mstari mweusi ulioungua kwenye bati, mwembamba kama uliochorwa kwa rula, unakwenda moja kwa moja mpaka kwenye dirisha la chumba cha mbele. Nikatafuta mstari mwingine, ule wa kushuka nje mpaka ardhini. Nilizunguka nyumba mara tatu. Hakuna msumari, hakuna tundu, hakuna chochote.

Katika kitabu chetu cha fizikia, ukurasa wa themanini na mbili, kuna picha ya nyumba. Kuna mlingoti, na kuna waya mnene unaoshuka nje ya ukuta na kuingia ardhini, ili radi ikija ipate njia yake na isiingie ndani kwa watu. Mimi niko kidato cha tatu na naujua. Wewe ulikuwa fundi.

Kwa hiyo wanasema kweli. Uliivuta. Uliivuta kwa mlingoti, ukaacha kuipa njia, ukaiingiza ndani alipo mama. Halafu ukaacha watu waseme ni mkosi.

Nimegombana na mtaa mzima kwa ajili yako. Nilimpiga rafiki yangu kwa rula. Niliwaambia mjomba wangu si mtu wa radi, mjomba wangu ni fundi. Sasa sijui nimwombe nani msamaha. Mama ananihesabia watu watatu kila ngurumo ikilia, na mimi nilikuwa namsahihisha. Nilidhani anakosea. Sasa najua wa tatu ni nani, na sijui kama unastahili.

Sikuandikii tena mpaka unieleze.


Kibandani, 22 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Umenisalimu hata ukiwa na hasira. Nimeona.

Ni kweli, yote uliyoyakuta huko juu. Sasa nitakuandikia na lililobaki, na sitaliandika mara ya pili.

Ulipokuwa na miaka sita kulikuwa na kipindi cha watoto redioni, saa kumi jioni. Uliwaandikia barua. Herufi zako zilikuwa kubwa kama matofali, anwani niliandika mimi. Wiki moja baadaye mtangazaji akasema wiki ijayo atasoma barua za watoto fulani na fulani, na wewe akakutaja. Hukulala wiki nzima. Siku yenyewe ikafika, redio inakwaruza, haisikiki neno. Ulianza kulia asubuhi. Saa sita bado unalia, bila sauti, umekaa na redio mapajani kama mtu anayebembeleza mgonjwa. Sikuweza kuvumilia. Nilikuwa na mlingoti wa mteja. Saa nane nikaazima ngazi.

Saa tisa na nusu antena ilikuwa imesimama. Waya wa kuingia ndani nilikuwa nao. Waya wa ardhini ulikuwa mfupi, unaishia dirishani. Ilibidi niende dukani kununua mwingine, na kwenda na kurudi ni saa nzima. Nikatazama juu, kulikuwa na wingu moja. Nikaukunja ule waya mfupi, nikasema nitamalizia kesho. Mimi, niliyekuwa nikiwagombeza wanafunzi wangu wa ufundi kwa neno hilo.

Ngurumo ya kwanza ilikuwa mbali. Nikasema ni mbali. Mama yako hajui umeme hata kidogo, lakini alikuja kutoka jikoni akisema redio inaita radi, kama mama yetu alivyokuwa akisema. Nikamcheka. Akakutoa pale kwa mkono mmoja, wewe unarusha mateke, akanitupia mimi. Kisha akarudi kuchomoa waya. Aliinama upande wa kushoto.

Kwa hiyo kwenye hotuba yako, ukifika kwenye imani za kijinga, hiyo ya redio itoe.

Unaniuliza kwa nini sikusema. Ningetaja mlingoti, mtu angeuliza mbona ulikuwa na haraka. Na jibu la swali hilo lilikuwa limekaa sakafuni likiwa na miaka sita, linauliza kwa nini mama hageuki akiitwa. Watu waliposema mkosi, niliona mkosi hauna mtoto ndani yake. Nikauchukua. Tena nisikudanganye, nilipata na mahali pa kujificha, maana fundi ni rahisi kwake kusema amelaaniwa kuliko kusema aliacha kazi katikati.

Sasa unajua, na nimechukia kwamba unajua. Ulikuwa mtoto. Usijitie humo. Ukijitia humo nitakuja kukuchapa, na mimi siji.

Siji, kwa sababu nitamwambia nini? Miaka tisa namtumia salamu kupitia kwako kama mtu anayepitisha sahani dirishani.

Mjomba wako


Nyumbani, 3 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Tuko wazima. Paka amezaa watoto wanne ndani ya kikapu cha nguo za kupiga pasi, na mama amesema wote wataondoka, akawawekea sweta yangu nyekundu.

Nilisoma barua yako nyuma ya maktaba. Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikakaa nikafikiri kama tulivyofundishwa. Mtoto wa miaka sita hawezi kufunga waya. Kosa langu ni kupenda redio. Kosa lako ni kusema kesho. Nimeyaweka yote mawili pamoja na hayafiki miaka tisa, nimejaribu kwa kila njia.

Kisha nikafanya jambo ambalo hukuniruhusu. Nilimpa mama barua.

Akavaa miwani. "Huu ni mwandiko, au kuku amepita?" Nikanyoosha mkono nimsomee, akanipiga kofi la vidole. Akaisoma mwenyewe, neno kwa neno, kidole chini ya kila mstari. Mkate ulipoa. Chai ilipoa. Alipomaliza aliikunja vile vile ulivyoikunja wewe.

"Nilimwona akishuka ngazi," akasema. "Waya ameukunja mkononi."

Nikasema, "Ulijua?" lakini sauti yangu ilitoka ndogo, hakusikia. Nikachukua kalamu nikaandika kwenye ukingo wa gazeti kwa herufi kubwa: ULIJUA?

Mama akasoma. Akasema, "Usinipigie kelele."

Nikaandika kwa herufi ndogo: mbona hukusema? Akasema alikuwa anangoja mwenye jambo aje aliseme. Akasema hakujua mwenye jambo angesafiri polepole kiasi hiki. Mjomba, mimi nilidhani nyinyi wawili mmenyamaziana kwa sababu ya hasira. Kumbe kila mmoja alikuwa anamngoja mwenzake kwa adabu! Miaka tisa! Nimechoka na watu wazima kuliko nilivyowahi kuchoka na somo lolote.

Hotuba nimeiandika upya. Kioo, mkasi na sweta nimeviacha kwenye imani. Redio nimeihamishia upande wa ukweli, na nimeandika kwamba nimelijua hilo kutoka kwa mwoka mikate. Ngazi nimeirudisha. Seremala aliizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe, akaniambia kipandio cha tisa kimelegea, nani atatengeneza?

Kuna jambo moja nataka kukuuliza, na hili si la hotuba. Ile barua yangu ya redioni, ilisomwa?

Mama amesema nimwachie nafasi hapa chini.

Mpwa wako


Wewe,

Sijambo. Mtoto amekueleza mengi mno, kama kawaida yake.

Mlingoti ule niliona. Waya niliona. Uso wako niliuona pia siku ile, na tangu hapo sikuhitaji maelezo, nilihitaji uje uvute kiti ukae. Kama ni sikio, lilikuwa langu, na mtoto tunaye. Mimi sijawahi kukupigia hesabu nyingine zaidi ya ile ya kuhesabu watu nyumbani.

Daktari anasema labda mwaka, labda pungufu. Sauti za chini zimeshaanza kwenda. Yako ni ya chini. Njoo uzungumze ningali nasikia. Ukichelewa itabidi uniandikie, na mwandiko wako hausomeki.

Dada yako


Kibandani, 9 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Ilisomwa. Niliisikia mimi, kwenye redio ya seremala, nikiwa nimekubeba mgongoni tunangoja gari la hospitali. Wewe ulikuwa umesinzia. Uliandika kwamba unampenda mama, na paka, na mjomba wako anayejua kutengeneza kila kitu. Mtangazaji alirudia hilo la mwisho, akacheka vizuri. Ndiyo sababu sikuwahi kukuambia.

Mkatie dada yako kipande hiki cha chini umpe. Nimetumia rula.

DADA. NAKUJA ALHAMISI. SIKUPIGII KELELE, NATAKA TU ISOMEKE. NIMENUNUA WAYA WA ARDHINI, MITA KUMI NA MBILI, UNATOSHA MPAKA CHINI. KUKINYESHA, NIHESABU.